Chanjo ya ndigana, nyati wa Serengeti na kingamwili za maabara: kipi kinafanya kazi gani?

Kila tunapozungumzia ndigana kali kwenye kipindi cha mifugo, kuna swali ambalo hurudi, hasa kutoka vijiji vinavyopakana na hifadhi upande wa Serengeti. Mfugaji anasema: nilichanja ndama wangu, nikalipa, na bado wawili wamekufa. Je, chanjo ile ni ya uongo? Halafu linafuata swali la pili: nasikia kuna sindano ya maabara inayofungua kinga ya mwili, nayo naipata wapi?

Tumeamua kuyajibu yote mawili kwa maandishi, ili uyasome polepole kwenye simu na umsomee na jirani. Maswali haya yanakutana mahali pamoja: Kabete, Nairobi, safari ya siku moja kwa basi kutoka mpakani Sirari. Huko ndiko zilikotengenezwa kingamwili ambazo watafiti wa ndigana huzitumia hadi leo, na mojawapo inashika sehemu ya seli inayofanya kazi kama breki ya kinga. Ukielewa kazi yake, utaelewa kwa nini ndama walikufa, na kwa nini usimpe hela mtu anayekuuzia sindano ya kufungua kinga.

Ndigana kali hufanya nini ndani ya ng'ombe?

Dalili hatuhitaji kumfundisha mfugaji wa Tarime au Serengeti. Tezi ya chini ya sikio inavimba, homa inapanda, ndama anaacha kunyonya, na mwishoni anahema kwa shida huku povu likimtoka puani. Asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa ndani ya wiki 3 hadi 4 tangu aumwe na kupe.

Anayeleta ugonjwa ni kimelea kidogo kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni. Kupe akishang'ata, vimelea havimwagiki saa hiyohiyo. Huchukua kama siku 3 hadi 5 kukomaa kwenye mate yake ndipo viingie mwilini. Kumbuka hesabu hiyo, tutairudia tukifika kwenye josho.

Vikishaingia, havishambulii ini wala utumbo. Vinaingia ndani ya seli nyeupe za damu, yaani askari walewale wanaotakiwa kuulinda mwili, na kuzilazimisha zizaane ovyo. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na kila seli inapogawanyika, kimelea nacho kinagawanyika. Ndiyo maana tezi inavimba. Seli hizo huwa na tabia kama ya seli za saratani, ila zina tofauti moja kubwa: kimelea kikiuawa mapema kwa dawa ya buparvakwoni, seli zinaacha kuzaana. Ukichelewa, dawa haiwezi kurudisha kilichokwisha kuharibika.

Chanjo iliyobeba jina la Serengeti

Chanjo ya ndigana kali tunayoitumia ilibuniwa miaka ya 1970 huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa cha nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja. Ng'ombe huchomwa sindano mbili siku moja. Ya kwanza ina vimelea hai vya ndigana. Ya pili ni oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Vimelea vinaingia, dawa inavipunguza nguvu, na mwili unapata nafasi ya kujifunza kupigana navyo. Kinga yake hudumu miaka mingi kwa kuchanja mara moja tu.

Ndani ya chanjo hiyo kuna mchanganyiko wa vimelea vya aina tatu. Moja inaitwa Muguga, ya pili Kiambu, na ya tatu inaitwa Serengeti. Hiyo ya tatu asili yake ni vimelea vya nyati wa huku kwetu, vilivyopitishwa kwa ng'ombe maabara hadi vikabadilika. Lakini mwaka 2015 watafiti waliosoma vinasaba vya aina zote tatu walikuta kwamba ile ya Serengeti na ile ya Muguga karibu ni kitu kimoja. Kwa hiyo jina la Serengeti halimaanishi kwamba chanjo imebeba vimelea vyote wanavyotembea navyo nyati wetu.

Na hapo ndipo penye jibu la swali la kwanza. Nyati hubeba kimelea hiki bila kuugua, na vimelea vyake ni vya aina nyingi kuliko vya ng'ombe. Kupe akimnyonya nyati, akaanguka kwenye nyasi, kisha akampanda ng'ombe wako, anampelekea vimelea ambavyo mwili wake haujawahi kufundishwa. Watafiti nchini Kenya walilipima jambo hili. Walichukua ng'ombe 12 waliochanjwa na 12 wasiochanjwa, wakawapeleka mahali penye nyati lakini pasipo na ng'ombe wengine. Katika kila kundi, ng'ombe 9 waliangushwa na ugonjwa huo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Basi chanjo si ya uongo. Dhidi ya ndigana inayotoka kwa ng'ombe kwenda kwa ng'ombe imefanya kazi kubwa, na wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania ni mashahidi. Mfugaji wa Tarime ambaye mifugo yake haikutani na nyati ana kila sababu ya kuichanja. Lakini anayechunga kandokando ya hifadhi au mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti ajue kwamba chanjo peke yake haimtoshi. Chanjo nyingine inahitajika, na kuitafuta ndiko kunakotupeleka Kabete.

Seli zinafanana, utazitofautishaje?

Ili kutengeneza chanjo mpya, lazima ujue ni askari gani ndani ya mwili anayeiua seli yenye kimelea. Shida ni kwamba ukitazama damu ya ng'ombe kwa darubini, seli nyingi nyeupe zinafanana. Ni kama kusimama mnadani mbele ya ng'ombe mia moja weusi. Mwenye mali anamjua wake kwa alama. Watafiti nao walihitaji alama.

Alama hizo ni kingamwili. Mwili wa mnyama yeyote ukiingiliwa na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, vitu vidogo sana vinavyokishika kitu hicho kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli lake. Kwa kawaida mwili hutengeneza za aina nyingi kwa mpigo. Mwaka 1975, huko Cambridge nchini Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua namna ya kupata za aina moja tu. Walichukua seli ya panya inayotengeneza kingamwili, wakaiunganisha na seli ya saratani isiyochoka kuzaana. Wakapata seli inayozaana bila kukoma, na uzao wake wote unatoa kingamwili ileile. Hizi ndizo huitwa kingamwili monoklonali, maana yake zimetoka ukoo mmoja. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1984.

Wakati huo Kabete ilikuwa na maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, ILRAD, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya ndigana na nagana. Katikati ya miaka ya 1990 iliunganishwa na kituo cha Ethiopia ikawa ILRI, jina mnalolisikia redioni hadi leo. Katika miaka ya 1980 watafiti wake walichoma panya seli za ng'ombe, wakapata mfululizo wa kingamwili, kila moja ikishika aina yake ya seli. Waliziita kwa herufi IL-A na namba.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1994 watafiti wa Kabete, wakiwemo Declan McKeever, Evans Taracha na Ivan Morrison, walitoa taarifa ya jaribio la ndama mapacha wanaofanana kabisa kwa damu. Pacha mmoja alipewa kinga dhidi ya ndigana. Kwa kutumia kingamwili, watafiti walitenga kutoka kwake kundi moja la seli, ziitwazo CD8, wakamhamishia pacha ambaye hakuwa na kinga. Kinga ikahamia kwake pamoja na seli hizo. Hapo ikathibitika kwamba anayeua seli yenye kimelea ni CD8, na tangu hapo utafutaji wa chanjo mpya unajua unamlenga nani. Bila kingamwili za kutofautisha seli, jaribio hilo lisingewezekana.

IL-A24 na mbwa wa boma

Katika mfululizo ule kuna moja iitwayo IL-A24. Hii hushika seli zinazomeza: zile zinazozunguka mwilini zikila vijidudu, seli zilizochakaa na takataka nyingine. Kwa miaka kadhaa watafiti waliitumia kuzitambua na kuzitenga seli hizo bila kujua kwa uhakika inashika kitu gani juu ya seli. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza wakaonyesha kwamba inashika kipokezi kiitwacho SIRP-alfa. Na kipokezi hicho kazi yake ni breki.

Fikiria mbwa wa boma. Usiku anabweka, anamrukia mgeni, lakini mtoto wa nyumbani akipita anamnusa na kutulia. Seli inayomeza ni kama mbwa huyo, na SIRP-alfa ni pua yake. Seli nzima za mwili wenyewe zimevaa alama iitwayo CD47, ambayo ni kama harufu ya nyumbani. Seli inayomeza ikigusa CD47 kwa kipokezi chake, inapata taarifa: huyu ni wetu, mwache. Mwaka 2000 watafiti walichukua seli nyekundu za damu za panya zisizo na alama hiyo, wakazitia kwa panya wa kawaida. Zilimezwa upesi, ingawa hazikuwa na ugonjwa wowote.

Breki hii ni ya lazima. Bila hiyo mwili ungejila wenyewe. Lakini saratani ni mjanja: seli zake nyingi hujipaka harufu ya nyumbani kwa wingi, na mbwa anazipita bila kubweka. Wanasayansi wakajiuliza: tukiziba pua hiyo kwa kingamwili, si mbwa ataiuma saratani?

Kutoka maabara hadi hospitali, wachache hufika

Wazo la kuzuia breki kwa kingamwili limefanikiwa kwa breki nyingine. James Allison wa Marekani alionyesha mwaka 1996 kwamba kingamwili inayoziba breki iitwayo CTLA-4 iliwawezesha panya kushinda uvimbe wa saratani. Dawa ya binadamu iliyotokana na wazo hilo iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, miaka 15 baadaye. Tasuku Honjo wa Japani na wenzake waligundua breki nyingine, PD-1, mwaka 1992, na dawa za kuizuia ziliruhusiwa Marekani kuanzia 2014. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018. Dawa hizo zimewarefushia maisha wagonjwa wa saratani fulani, ingawa si kila saratani na si kila mgonjwa.

Kwa ile breki ya SIRP-alfa na CD47 mambo yamekuwa magumu. Kampuni ya Gilead ilinunua mwaka 2020, kwa mabilioni ya dola, kampuni iliyokuwa na kingamwili ya kufunika CD47, iitwayo magrolimabu. Ilikuwa imefanya vizuri kwenye maabara na kwenye majaribio ya mwanzo. Ilipopimwa kwa wagonjwa wengi zaidi wenye saratani ya damu, haikuwasaidia kuliko matibabu ya kawaida, na katika jaribio mojawapo waliopewa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka 2024 majaribio ya saratani za damu yakasimamishwa. Moja ya madhara yaliyojulikana tangu mwanzo ni upungufu wa damu, na sababu umeshaiona: seli nyekundu nazo huvaa CD47.

Tumeieleza habari hii kwa makusudi. Kama dawa iliyogharimu mabilioni, ikapimwa na madaktari hatua kwa hatua, bado iliweza kuumiza, basi mtu anayekuja na kichupa akisema ni kingamwili ya maabara ya kufungua kinga ya ng'ombe wako, au ya mgonjwa wako, anacheza na uhai.

Kichupa kilichoandikwa "kwa utafiti tu"

Kingamwili kama IL-A24 huuzwa na kugawanywa kwa watafiti ikiwa na maandishi hayo, na yana maana yake. Kwanza, haijapimwa kama ni salama kuingia mwilini, na hakuna anayejua kipimo chake. Pili, imetokana na panya, kwa hiyo mwili wa ng'ombe au wa mtu unaweza kuipinga vikali. Tatu, nyingi huwekewa sodiamu azaidi ili zisioze, na hiyo ni sumu. Nne, kilichomo ni kidogo mno, hupimwa kwa sehemu ndogo za miligramu. Kinatosha kupaka seli rangi, hakitoshi kutibu ndama.

Kazi yake halisi ni hii. Damu ya ng'ombe inachukuliwa, inachanganywa na kingamwili iliyofungwa rangi inayong'aa, kisha seli zinapitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, kama ng'ombe wanavyopita kwenye njia nyembamba ya josho. Mashine inahesabu: hizi zina rangi, hizi hazina. Kazi inaishia hapo. Lakini kwa hesabu hizo mtafiti anajua kama chanjo anayoijaribu imewaamsha askari wanaohitajika.

Wewe mfugaji ufanye nini leo?

1. Chanja. Muulize afisa mifugo wa kata lini chanjo ya ndigana kali itafika. Huhifadhiwa kwenye gesi ya nitrojeni iliyogandishwa hadi kuwa kimiminika, na ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyohiyo. Mrija mmoja hutosha ng'ombe wengi, hivyo jikusanyeni majirani mchanje kwa pamoja.

2. Usipunguze dawa ya pili. Sindano ya oksitetrasaiklini ndiyo inayozuia vimelea vya chanjo visimuue ndama. Anayekuchanjia akitaka kuiacha ili bei ishuke, mkatalie.

3. Endelea kuogesha. Kumbuka zile siku 3 hadi 5. Ukiogesha kila wiki, kupe wengi hufa kabla hawajaambukiza. Angalia ndani ya masikio kwa mikono yako, maana dawa ya josho hukosa hapo. Tena, chanjo ya ndigana kali haizuii ndigana baridi, moyo kujaa maji wala ugonjwa wa kukojoa damu, na yote hayo huletwa na kupe.

4. Kaa mbali na malisho ya nyati kadiri unavyoweza, hasa kwa ndama. Kama huna malisho mengine, ongeza uogeshaji na kagua ng'ombe kila jioni.

5. Tezi ikivimba, usingoje povu. Mwite mtaalamu siku hiyohiyo, hata kama ng'ombe amechanjwa. Mwambie kama alichunga karibu na nyati.

6. Aliyekufa asizikwe kimya. Toa taarifa ili sampuli ichukuliwe. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina maabara Mwanza. Taarifa za vifo vya waliochanjwa ndizo zinazowasaidia wataalamu kujua nyati wanaleta hasara wapi.

Na kama mgonjwa ni ndugu yako?

Tunajua kuna familia zinazouza ng'ombe ili kumtibu mzazi mwenye saratani. Kwao tuna neno moja. Dawa za kingamwili za kuzuia breki zipo duniani, lakini ni ghali, hutolewa kwa dripu hospitalini, na daktari lazima apime kwanza kama saratani ile inazikubali. Zinaweza pia kuifanya kinga ishambulie mapafu, utumbo au ini la mgonjwa, ndiyo maana hufuatiliwa kwa vipimo. Mahali pa kuuliza ni kwa madaktari wa saratani, na kwa kanda yetu ni Bugando mjini Mwanza, au Ocean Road jijini Dar es Salaam. Dawa za binadamu na za mifugo hapa nchini husajiliwa na TMDA. Anayeuza sindano mnadani au kwa namba ya simu, bila cheti cha daktari, usimuuzie hata mbuzi kwa ajili yake.

Kwa hiyo, mfugaji uliyepoteza ndama wawili, hukudanganywa. Ulilindwa dhidi ya ndigana ya ng'ombe, ukapigwa na ya nyati. Kuna watu wanaotafuta chanjo ya kuzuia zote mbili, na kingamwili zilizozaliwa Kabete ni sehemu ya zana zao. Mpaka hiyo ipatikane, chanja, ogesha, na ukiona tezi imevimba, piga simu kabla jua halijazama.